Je, wajua kwa nini kisa cha ndugu watatu kilimkata kauli mwalimu wa Basra?

Akifa mtoto mchanga, msibani haikosekani sauti ya kusema "Mungu kampenda zaidi, kamwepusha na mabaya ya dunia, nani ajuaye angekuja kuwa mtu wa aina gani". Inasemwa kwa nia njema kabisa na wafiwa wanaitikia kwa kichwa, maana pale huna la kujibu. Sasa je, wajua kwamba jibu hilohilo lilishajadiliwa na wanazuoni wa Iraq zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na likabomolewa na kisa kifupi ambacho unaweza kukimaliza kabla kahawa haijapoa?

Swali lenyewe ni kongwe, wengi wanalihusisha na mwanafalsafa Epicurus wa Ugiriki ya kale: Mungu kama anataka kuondoa ubaya na hawezi basi si muweza wa yote, kama anaweza na hataki basi si mwema, na kama anaweza na anataka, mbona ubaya upo? Dini zote za Mungu mmoja zimelibeba swali hili na falsafa ya Ulaya imeliandikia vitabu visivyohesabika, ila mimi nataka twende Basra, mji wa kusini mwa Iraq, kwanza kwa sababu huko walilibana mpaka likakosa pa kutokea, pili kwa sababu msimamo uliozaliwa kwenye ule mzozo ndio ambao watu wa pwani yetu, wengi wao Mashafii, wamesomeshwa chuoni na mara nyingi bila kuambiwa ulitokea wapi.

Basi, karne ya 9 kuingia ya 10 kulikuwa na kundi linaitwa Muutazila. Wenyewe walijiita watu wa uadilifu na tauhidi, na kwenye uadilifu hawakuwa na mchezo: Mungu ni mwadilifu, akili ya binadamu inajua uadilifu ni nini, kwa hiyo kuna mambo Mungu hayafanyi kwa kuwa yangekuwa dhuluma. Baadhi yao wakaenda mbali zaidi wakasema ni lazima Mungu amfanyie kila mja lile lililo bora zaidi kwake. Mkubwa wao pale Basra alikuwa Abu Ali al-Jubbai, aliyefariki mwaka 915 au 916 hivi, na mwanafunzi wake mmoja, ambaye inasemekana alikuwa pia mtoto wake wa kambo, ndiye Abul Hasan al-Ash'ari.

Kisa kinasema siku moja mwanafunzi akamuuliza mwalimu: kulikuwa na ndugu watatu, mmoja kafa mcha Mungu, mmoja kafa kafiri, wa tatu kafa angali mtoto mdogo, wako wapi saa hizi? Al-Jubbai akajibu fasta, mcha Mungu yuko daraja za juu, kafiri yuko motoni, mtoto kasalimika. Haya, mtoto akitaka kupanda kule aliko kaka yake ataruhusiwa? Hapana, ataambiwa kaka yako kafika kule kwa utiifu wake na wewe huna. Sasa mtoto akisema si kosa langu, hukuniacha niishi, ungeniacha nami ningekutii? Al-Jubbai akasema Mungu atamjibu: nilijua ungekua ungeasi ukastahili adhabu, nikaangalia maslahi yako nikakuchukua mapema. Ndipo al-Ash'ari akatupa la mwisho: je, yule kafiri akipaza sauti kutoka huko motoni, "Ee Mola, ulijua yangu kama ulivyojua yake, mbona ukaangalia maslahi yake usiangalie yangu?"

Mwalimu kimya.

Angalia kilichomkuta. Lile jibu la "kaepushwa" linakwenda vizuri mradi unamtazama mtoto mmoja peke yake, lakini ukimweka ndugu yake pembeni linageuka mashtaka, yaani kama kufa mapema ni rehema kwa yule ambaye ingejulikana ataharibika, basi kila aliyeharibika kanyimwa rehema hiyo, na madhalimu waliofika uzeeni tunawajua ni wengi tu. Wala huwezi kurudi nyuma useme Mungu hakujua yatakayotokea, kwa sababu jibu lenyewe limesimama juu ya ujuzi huo.

Anayesoma Surat al-Kahf kila Ijumaa hapa atanikumbusha yule kijana aliyeuawa na mja ambaye wafasiri wanamwita Khidhr, na ni hoja ya maana. Aya ya 80 na 81 zinaeleza kwamba wazazi wake walikuwa waumini, ikahofiwa atawaingiza kwenye uasi na ukafiri, ikatakwa Mola wao awabadilishie aliye bora kuliko yeye. Lakini soma vizuri, faida inayotajwa pale ni ya wazazi, na Nabii Musa mwenyewe hakuielewa mpaka alipoelezwa na mtu aliyepewa elimu ya pekee. Mimi naona kuichukua habari ya kijana mmoja ukaifanya kanuni ya kueleza vifo vya watoto wote ni kuitwisha mzigo usio wake, maana sisi wa kwenye mkeka wa msiba elimu ile hatunayo.

Wengine wanakimbilia hiari ya binadamu. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie aliandika kwamba kuamini Mungu mweza wa yote, mwema kabisa, na huku ubaya upo, ni kujipinga mwenyewe, na Alvin Plantinga wa Marekani kwenye miaka ya 1970 akamjibu kwamba viumbe wenye hiari ya kweli huenda hawawezekani bila hatari ya wao kuchagua mabaya. Jibu zito, ila linamfaa zaidi yule ndugu kafiri. Mtoto aliyeondoka na malaria hakuchagua kitu na mbu naye hana hiari (Plantinga alijaribu kusema huenda kuna pepo wenye hiari nyuma ya mambo ya namna hiyo, haya).

Kinachonivutia ni kwamba Muutazila walikuwa na jibu jingine ambalo halitajwi sana, la fidia. Kila maumivu ambayo Mungu anamletea asiye na kosa yatalipwa akhera, tena na wanyama wamo humo. Halafu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe: malipo peke yake yanatosha? Al-Jubbai aliona yanatosha, mwanawe wa kumzaa Abu Hashim akakataa, akasema bila faida nyingine ndani yake, mfano funzo kwa watu, maumivu yanakuwa upuuzi hata yakilipwa. Mfano wao ulikuwa wa mtu anayeajiri kibarua achote maji upande mmoja wa mto ayamwage upande wa pili, mshahara analipwa vizuri tu, lakini kazi ni ya bure. Kwangu mimi hapo Abu Hashim kampiga baba yake bao.

Al-Ash'ari yeye alitoka kundini akiwa na umri wa kama miaka 40 na kujenga jibu tofauti kabisa, na ndio ule msimamo niliosema unasomeshwa pwani yetu. Dhuluma ni kutumia mali ya mtu bila haki au kuvunja amri ya aliye juu yako, Mungu anamiliki kila kitu na hana wa juu yake, kwa hiyo lolote afanyalo haliwezi kuitwa dhuluma, na aya ya 23 ya Surat al-Anbiyaa inasema haulizwi anayoyafanya. Kelele za yule ndugu kafiri zinazimika hapo. Gharama yake ni kwamba neno "mwadilifu" likitajwa kwa Mungu huwezi tena kulipima kwa uadilifu unaoujua wewe, na wapinzani walilisema hilo tangu mwanzo.

Kuna wanahistoria wanaohisi kisa hiki kilitungwa baadaye na wafuasi wa al-Ash'ari, na wana sababu: waliosema Mungu analazimika kufanya lililo bora katika kila jambo ni Muutazila wa Baghdad, wale wa Basra akina al-Jubbai walilibana sharti hilo kwenye mambo ya dini tu. Hoja haipungui makali, ila huenda mzee wa watu kasingiziwa ule ukimya.

Kali zaidi ni ya mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki 1111. Alikuwa upande wa al-Ash'ari na kisa hiki alikitumia kuwachapa Muutazila, halafu huyohuyo akaandika kwamba katika yanayowezekana hakuna cha ajabu na kizuri kuliko hiki kilichopo. Takriban miaka 600 baadaye, mwaka 1710, mwanafalsafa Leibniz wa Ujerumani alitetea wazo linalofanana na hilo, na tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755, lililoangukia watu wakiwa makanisani siku ya Watakatifu Wote, likampa mwandishi Voltaire wa Ufaransa sababu ya kulicheka wazo hilo. Al-Ghazali hakusubiri tetemeko, watu wa madhehebu yake mwenyewe walimjia juu kwamba kaurudisha Uutazila kwa mlango wa nyuma, na karne ya 15 mwanazuoni al-Biqa'i bado alikuwa anaandika kitabu kumpinga huku mwenzake al-Suyuti akiandika cha kwake kumtetea.