Kabla ya kusoma mkataba, uliza nani aliketi mezani

Mchana wa tarehe 28 Juni 1919, Wajerumani wawili waliingizwa katika Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles, nje kidogo ya jiji la Paris. Mmoja alikuwa Hermann Müller, waziri wa mambo ya nje. Mwenzake, Johannes Bell, alishika uchukuzi na makoloni. Wakubwa wote walikwishaketi. Wawili hao walionyeshwa mahali pa kutia saini mkataba wa kufunga Vita Kuu ya Kwanza, ambavyo nchi yao ilishindwa, wakatia, na muda mfupi baadaye shughuli ikawa imekwisha.

Matini ya mkataba walikabidhiwa tarehe 7 Mei. Hawakupewa nafasi ya kukaa na washindi na kujadili kifungu kwa kifungu. Waliruhusiwa kutoa hoja zao kwa maandishi tu, na karibu zote zikakataliwa. Ukumbi nao haukuchaguliwa hivi hivi. Ndimo Wajerumani walimotangaza dola yao tarehe 18 Januari 1871 walipokuwa wakiishinda Ufaransa vitani, na Wafaransa walikuwa hawajasahau.

Katika kazi yetu ya elimu kwa umma, swali linalorudi kila mara ni hili: kwa nini mkataba mmoja ulete amani ya miaka mingi, na mwingine uvunjike kabla watoto wa waliotia saini hawajazeeka? Vifungu vina uzito wake, lakini mimi hutazama kwanza viti. Aliyeshindwa alikuwa wapi wakati mkataba unaandikwa: ndani, akizungumza, au mlangoni akisubiri kuitwa?

Turudi nyuma zaidi ya miaka 100, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliachia madaraka Aprili 1814, baada ya vita vilivyoisumbua Ulaya kwa zaidi ya miaka 20. Ingekuwa rahisi kuikatakata Ufaransa. Lakini mkataba wa kwanza wa Paris, wa tarehe 30 Mei 1814, uliiachia mipaka ya 1792 na haukuidai fidia. Mkutano wa Vienna ulipoanza, Ufaransa ilimtuma Talleyrand, mwanadiplomasia mjanja kupita kiasi, na haikumchukua muda kupenya katika mazungumzo ya wakubwa. Tarehe 3 Januari 1815 Ufaransa ikatia saini mkataba wa siri na Uingereza na Austria, dhidi ya Urusi na Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo. Miezi tisa tu baada ya kushindwa, ilikuwa tayari inatafutwa kama mshirika.

Napoleon alipotoroka kisiwani Elba, alikopelekwa uhamishoni, na kushindwa tena Waterloo, masharti yalikazwa: fidia ya faranga milioni 700, na majeshi ya kigeni yakae Ufaransa kwa muda usiozidi miaka mitano. Fidia ikalipwa, majeshi yakaondoka mwaka 1818, na Ufaransa ikakaribishwa tena katika baraza la madola makubwa. Vita vilikuwepo baada ya hapo, vya Crimea na vingine, lakini vita vya Ulaya nzima havikutokea hadi 1914.

Vienna haikuwa ya haki kwa kila mtu, na hilo lazima lisemwe. Wapoland waligawanywa bila kuulizwa. Wabelgiji waliunganishwa na Uholanzi, nao wakaasi mwaka 1830. Uasi huo ukazaa Mkataba wa London wa 1839, ambamo madola makubwa, Prussia ikiwemo, yaliahidi kuheshimu kutoegemea upande kwa Ubelgiji. Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yakaingia Ubelgiji. Kwa mujibu wa balozi wa Uingereza mjini Berlin, kansela wa Ujerumani, yaani mkuu wa serikali, Bethmann Hollweg, alimlalamikia kwamba Uingereza inaingia vitani kwa ajili ya kipande cha karatasi tu. Karatasi hiyo ilikuwa na umri wa miaka 75, na Uingereza iliingia vitani ikiitaja.

Ndipo tunapofika Versailles. Ujerumani ilirudisha majimbo ya Alsace na Lorraine kwa Ufaransa, ikapoteza ardhi ya mashariki kwa Poland, na jeshi lake likawekewa ukomo wa askari 100,000 bila ndege za kivita. Kifungu cha 231 kiliibebesha, pamoja na washirika wake, dhamana ya hasara zote za vita. Mwaka 1921 fidia ikapangwa kuwa marki bilioni 132 za dhahabu. Ilipochelewesha malipo, Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zikapeleka majeshi Ruhr, eneo la Ujerumani lenye makaa ya mawe na viwanda. Serikali ya Ujerumani ikawa inachapa noti kuwalipa wafanyakazi waliogoma kuyapinga majeshi hayo, na kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Mtu aliyeweka akiba maisha yake yote aliona akiba hiyo ikishindwa kununua hata mkate.

Sisemi kwamba Versailles peke yake ilimleta Hitler. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulichangia sana. Lakini Wajerumani wa vyama karibu vyote waliuita mkataba ule "Diktat", yaani amri ya mshindi, na neno hilo likawa silaha mkononi mwa aliyejua kulitumia. Juni 1940, baada ya kuishinda Ufaransa, Hitler aliagiza behewa lile lile ambamo Wajerumani walikubali kusitisha vita mwaka 1918 litolewe kwenye makumbusho na kurudishwa mahali pake katika msitu wa Compiègne. Wafaransa wakatia saini humo.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya mkataba huo. Kifungu cha 119 kiliinyang'anya Ujerumani makoloni yote. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikawa Tanganyika chini ya Uingereza. Rwanda na Burundi zikaenda Ubelgiji. Hakuna Mhehe, Mnyarwanda wala Mrundi aliyekuwa na kiti. Na kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, katika muda wa miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, na sasa lipo Kalenga, karibu na Iringa. Ukienda kulitazama, unatazama kifungu cha mkataba wa Ulaya.

Jambo moja la kiufundi ambalo wengi hulipita: saini si mwisho. Mkataba huridhiwa na kila nchi kwa sheria zake. Rais Wilson wa Marekani alitia saini Versailles, lakini Seneti yake ilikataa kuuridhia, mara mbili. Marekani haikuingia kamwe katika Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, ambalo Wilson mwenyewe ndiye aliyelipigania.

Baada ya vita vya pili, viti vilipangwa upya. Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alizaliwa Luxembourg akiwa raia wa Ujerumani, kwa kuwa Lorraine ya baba yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Akawa Mfaransa Lorraine iliporudi Ufaransa. Mpaka ulikuwa umepita juu ya mtu huyu. Tarehe 9 Mei 1950 alipendekeza makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. Bila bidhaa hizo mbili hutengenezi mzinga, kwa hiyo nchi isiyozimiliki peke yake haiwezi kujiandaa kwa vita kimyakimya.

Tarehe 18 Aprili 1951, kansela wa Ujerumani Magharibi, Konrad Adenauer, alitia saini mkataba wa pendekezo hilo mjini Paris pamoja na mawaziri wa Ufaransa, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, naye akiwa mmoja wa sita walio sawa. Nakala yao ilichapwa Ufaransa, kwa wino wa Ujerumani, kwenye karatasi ya Uholanzi. Kutoka hapo ukaja Mkataba wa Roma wa 1957, kisha Maastricht wa 1992 uliozaa Umoja wa Ulaya. Baadaye Mkataba wa Lisbon ukaandika njia ya kutoka, kifungu cha 50, na Uingereza ikaifuata na kuondoka mwaka 2020 bila risasi kupigwa.

Na yale madeni ya Ujerumani? Mwaka 1953, mjini London, wadai walikaa na Ujerumani Magharibi wakayapunguza karibu kwa nusu, na sehemu ya riba ya mikopo iliyotokana na fidia ikaahirishwa hadi Ujerumani itakapoungana. Iliungana tarehe 3 Oktoba 1990. Ikaanza kulipa, na malipo ya mwisho yakafanyika tarehe 3 Oktoba 2010.