Je, wajua kwa nini karoti ileile hutoka nyuzi kwenye kikwangulio kimoja na rojo kwenye kingine?

Chukua karoti moja uikate nusu. Nusu ya kwanza ikwangue upande wa matundu makubwa, ya pili upande wenye vimiiba. Ya kwanza itatoka nyuzi zinazoachana vizuri kwenye bakuli. Ya pili itakuwa rojo, na baada ya dakika chache maji ya rangi ya machungwa yatatuama chini yake.

Tofauti iko kwenye namna bati lilivyotobolewa. Tundu kubwa, la kama milimita 5 hivi, lina mdomo mmoja tu ulioinuliwa, na mdomo huo hukata. Upande wa vimiiba ulitobolewa kwa ncha kutoka nyuma, chuma kikapasuka na kuchomoza pande zote za tundu. Vimiiba havikati, vinachana. Seli za mboga zikichanwa humwaga maji yake, na zikichanwa nyingi unapata rojo. Ndiyo maana bati la kopo lililotobolewa kwa msumari na kupigiliwa kwenye ubao linafaa kwa muhogo wa kusaga, lakini ukilitumia kwa karoti ya kachumbari utakula kachumbari inayoogelea.

Pamoja na maji hutoka ukali. Kitunguu saumu kizima hakinuki sana, kwa sababu kimeng'enya chake (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) na kemikali ambayo kimeng'enya hicho huibadilisha vimehifadhiwa mbalimbali ndani ya seli. Ukizivunja vinakutana, na hapo ndipo alisini, yenye ile harufu kali, inapotengenezwa. Kadiri unavyosaga laini ndivyo kinavyochoma. Kama umezoea kukatakata punje 4 kwa sufuria ya mchuzi, ukihamia kwenye vimiiba anza na 3, kisha onja.

Tangawizi ina shida yake: nyuzi. Zinapita kwa urefu wa kipande. Ukikilaza na kukisugua kwa urefu, nyuzi hung'oka nzimanzima na kuziba matundu, na unabaki na kitu kama nywele kwenye chai. Kata ncha, kisha simamisha kipande ili uso uliokatwa ndio uguse meno. Nyuzi zitakatika fupifupi. Tangawizi iliyogandishwa kwenye friza hukwanguka kwa urahisi zaidi, na si lazima isubiriwe iyeyuke.

Na nazi? Kwa kweli mbuzi haina mpinzani. Ulimi wake wenye meno unakuna nyama ikiwa bado imeshikwa na kifuu, na inatoka laini na mbichi. Asiye na mbuzi aibandue nyama kutoka kwenye kifuu, amenye ile ngozi ya kahawia isije ikatia tui rangi, kisha akwangue kwenye matundu madogo. Matundu makubwa hutoa vipande vinene ambavyo maji hayafiki katikati: tui linakuwa jepesi, na ukionja chicha unakuta bado ina utamu ambao ulipaswa kuwa kwenye mchuzi. Kwa nazi moja weka kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, kanda kwa dakika 2 au 3, kamua kwenye kifumbu au kitambaa safi upate tui la kwanza. Rudia kwa vikombe 2 vya maji kupata la pili.

Kuna kikwangulio cha aina nyingine, kirefu na chembamba chenye mpini, meno yake madogo na makali kama wembe. Kampuni iliyokipatia umaarufu jikoni ni Microplane ya Marekani, ambayo awali ilitengeneza tupa za kulainishia mbao. Miaka ya 1990 ndipo ilipogundulika kwamba tupa hizo zinafaa kwa maganda ya machungwa. Hicho ndicho cha kukwangulia kungumanga, ganda la limau, na jibini gumu. Kwa limau kigeuze: limau likae chini, kikwangulio kipite juu yake, na unga ujikusanye mgongoni mwake ambako unauona. Pita mara moja tu kila mahali, maana ile nyama nyeupe chini ya ganda ni chungu. Kungumanga ikwangue dakika ile ile unayoihitaji, kwani mafuta yenye harufu huruka haraka ikishakuwa unga.

Sokoni usivutwe na idadi ya pande. Vikwangulio vya pande 6 mara nyingi vina pande 3 ambazo hutazigusa kamwe. Bonyeza katikati ya bati kwa dole gumba: likibonyea, litacheza pia ukikwangua, na hapo ndipo mkono unapoteleza. Liangalie dhidi ya mwanga uone kama midomo ya matundu imenolewa au imeviringika tu kutoka kwenye mashine. Tikisa mpini. Usitegemee sumaku kujua kama kitashika kutu, kwa sababu baadhi ya chuma kisichoshika kutu huvutwa na sumaku na kingine hakivutwi.

Wakati wa kukwangua weka kitambaa chenye unyevu chini ya kikwangulio, au kilaze cha pande 4 ubavuni, ili ukwangue mbele na nyuma huku kinachotoka kikibaki ndani. Karoti ikishikwa kwa mshazari hutoa nyuzi ndefu. Ikisimamishwa hutoa vipande vifupi vya kutia kwenye pilau. Sukuma kwa kiganja, si kwa ncha za vidole. Ikibaki kama sentimita 2, acha: kipande hicho kitie kwenye supu. Jibini laini liweke kwenye friza dakika 20 kwanza na upake meno mafuta kidogo, la sivyo litaganda matunduni. Viazi vikwangulie moja kwa moja kwenye maji baridi visigeuke rangi.

Osha papo hapo. Wanga wa viazi na muhogo ukikauka hushika kama gundi. Tumia brashi, ukianzia upande wa nyuma kusukuma mabaki nje. Sponji hukatika na kuacha vipande vyake kwenye meno. Doa la karoti kwenye mpini wa plastiki halitoki kwa sabuni peke yake, lipake mafuta ya kupikia kwanza kwa sababu rangi hiyo huyeyuka kwenye mafuta, kisha ndipo uoshe. Kifute, ukitundike. Kikitupwa kwenye droo pamoja na vijiko na visu, meno yake yatakuwa butu muda mrefu kabla ya wakati wake, na kukinoa tena nyumbani ni kazi isiyolipa.