Je, wajua kwa nini waliochanjwa wanaweza kuwa wengi wodini ilhali chanjo inawakinga?

Katikati ya Agosti 2021, takwimu za Wizara ya Afya ya Israeli zilionyesha kuwa miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa wakiwa na hali mbaya, 301 walikuwa wamekamilisha chanjo na 214 hawakuwa wamechanjwa kabisa. Wengi walioziona takwimu hizo walihitimisha papo hapo kwamba chanjo ya Pfizer, ambayo nchi hiyo ilianza kuitoa Desemba 2020, haikuwa na faida. Hesabu yenyewe haikuwa na kasoro, ila ilikuwa nusu tu ya hesabu.

Kinachokosekana ni idadi ya watu ambao wagonjwa hao walitoka miongoni mwao. Kati ya wakazi wenye umri wa miaka 12 na zaidi, waliokamilisha chanjo walikuwa takribani milioni 5.6, na wasiochanjwa milioni 1.3 tu. (Katika mtaa ambao karibu kila mtu analala ndani ya chandarua, wagonjwa wengi wa malaria watakuwa watu wenye vyandarua, na hakuna atakayevilaumu.) Ukigawanya ipasavyo, unapata wagonjwa 16.4 katika kila watu 100,000 wasiochanjwa, dhidi ya 5.3 kwa waliochanjwa, yaani hatari imepungua kwa asilimia 67 hivi.

Hata hivyo, asilimia 67 nayo inapotosha, na hapa ndipo jambo lenyewe linaponoga. Ukiwatenga watu kwa umri, utaona kwamba kwa walio chini ya miaka 50 wagonjwa walikuwa 3.9 katika kila 100,000 wasiochanjwa, na 0.3 kwa waliochanjwa, ambayo ni kinga ya karibu asilimia 92. Kwa wenye miaka 50 na zaidi, walikuwa 91.9 dhidi ya 13.6, yaani kinga ya asilimia 85. Inawezekanaje basi makundi mawili yenye asilimia 92 na 85 yakiunganishwa yatoe 67?

Jibu liko katika umri. Mtu wa miaka 50 na zaidi asiyechanjwa alikuwa na hatari ya kuugua vibaya zaidi ya mara 20 kuliko kijana asiyechanjwa, na wazee ndio waliojitokeza zaidi kuchanjwa, kiasi kwamba zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa wamekamilisha dozi, wakati wasiochanjwa wengi walikuwa vijana. Ukiwachanganya wote, unawalinganisha wazee waliochanjwa na vijana wasiochanjwa, na chanjo inabebeshwa mzigo wa uzee. Wanatakwimu huiita hali hii kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson, Mwingereza aliyekieleza mwaka 1951.

Si kwamba kila aliyekuwa na wasiwasi alikosea. Kinga ilikuwa kweli inapungua kadiri miezi ilivyopita tangu dozi ya pili, na Israeli ilikwisha kuanza kuwapa dozi ya tatu wenye miaka 60 na zaidi kabla takwimu hizo hazijasambaa. Lakini upungufu huo hupimwa kwa kuwalinganisha watu wa umri mmoja waliochanjwa nyakati tofauti, jambo ambalo idadi ya vitanda vilivyojaa haiwezi kulionyesha.