Kuchemka na kufuka ni vitu viwili

Nimelisikia tena wiki iliyopita lile dai kwamba kimiminika kisipochemka hakina hatari ya moto, safari hii kwenye karakana ya samani hapa Dodoma, upande wa barabara ya Singida. Fundi anapaka vanishi, kopo la tina, kile kimiminika cha kuzimulia vanishi, liko wazi miguuni pake, na hatua nne pembeni jiko la mkaa limebeba birika la chai. Nikamuuliza kama haogopi. Akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyesoma: "Mwalimu, hii tina inachemka kwenye nyuzi mia moja na kumi. Nimeiona kwenye karatasi yake ya usalama. Leo hapa joto halijafika hata thelathini na tatu."

Namba yake ilikuwa sahihi. Tolueni, ambayo hupatikana kwenye tina nyingi, huchemka kwenye nyuzi 110 na ushei za Selsiasi. Kilichompotea ni maana ya kuchemka.

Tafsiri ni fupi. Kiwango cha mchemko ni joto ambalo kanieneo, yaani msukumo, ya mvuke wa kimiminika inalingana na kanieneo ya hewa iliyokilalia. Basi. Hakuna neno "hatari" humo ndani, wala hakuna neno "kuanza".

Hilo la "kuanza" ndilo linalonisumbua. Watu hudhani kimiminika hukaa kimya, hakitoi kitu, mpaka kifike mchemko ndipo mvuke uzaliwe. Sasa anika nguo Area D saa tatu asubuhi. Kwa huu upepo wetu mkavu, saa sita zimekauka, na hakuna aliyewahi kuona kanga ikitokota kwenye kamba. Maji yale yameondoka kwenye nyuzi thelathini tu.

Kiswahili kilikuwa kimeshatenganisha mambo haya kabla ya maabara. Kuna kufuka na kuna kuchemka. Moshi hufuka. Ugali uliopakuliwa hufuka sahanini, na jiko umeliacha kule nyuma. Kufuka ni shughuli ya usoni: chembe zilizo juu, zile zenye nguvu ya kutosha, zinaponyoka moja moja, kwenye joto lolote. Vitabu vya shule vikaita jambo hilo mvukizo, sawa. Kuchemka ni shughuli ya tumboni. Mvuke unakuwa na nguvu ya kufungua vipovu ndani kabisa ya kimiminika, ukiisukuma hewa iliyo juu, na hewa haiwezi tena kuvizima. Wapo wanaoliweka neno chemchemi jirani na chemka, na mimi naupenda ujirani huo, maana yote mawili yanabubujika kutoka chini.

Na nikiwa hapo hapo: ni kiwango cha mchemko, au cha kuchemka. "Kiwango cha kuchemsha" hunikunja uso. Waka na washa, amka na amsha, chemka na chemsha. Anayechemsha ni wewe na gesi yako. Kinachochemka ni kimiminika, kwa masharti yake na ya hewa iliyo juu yake. (Mtaani kuchemsha ni kuboronga, na kuna siku maana hiyo inafaa zaidi.)

Masharti ya hewa si maneno ya kujaza. Mji wetu uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 89, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Ile 100 ya darasani ni ya kilopaskali 101.325, hewa ya pwani. Kwa hiyo anayepima mchemko wa kemikali hapa kwa ajili ya tathmini ya usalama lazima aandike kanieneo ya siku ile, kisha arekebishe. Nimewahi kuona kijana mzuri tu akichukua kanieneo kutoka kwenye simu, hektopaskali 1,015 (yaani kilopaskali 101.5), akafurahi kwamba Dodoma na Dar es Salaam ni ndugu. Namba ile ya utabiri wa hali ya hewa huwa imeshasahihishwa iwe kana kwamba tuko baharini. Unahitaji barometa iliyo mezani kwako.

Hata kipovu cha kwanza hudanganya. Vile vidogo vinavyopanda sufuria ikipata moto ni hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana katika njia moja ya zamani, inayotumika mpaka leo kwa sampuli ndogo, unatumbukiza kijineli chembamba kilichozibwa juu, unapasha mpaka vipovu vitoke kama mnyororo, halafu unaacha kipoe. Joto linasomwa pale mnyororo unapokatika na kimiminika kinaanza kupanda ndani ya kijineli. Unasoma wakati wa kushuka. Na petroli haina namba moja hata ukiipima vizuri namna gani, kwa sababu ni mchanganyiko. Karatasi itataja mwanzo wa mchemko na mwisho wake.

Sasa moto. Kwenye karatasi ile ile, sehemu ya 9, kuna mstari mwingine ambao fundi aliuruka: joto la kudaka moto, yaani joto la chini kabisa ambalo kimiminika kinafuka vya kutosha mvuke wake ukashika cheche. Kwa tolueni ni nyuzi 4 hivi. Etanoli inachemka kwenye 78 lakini hudaka moto kwenye 13 hivi. Ule mfumo wa kimataifa wa kupanga kemikali kwa hatari zake, wenye alama ya mwali ndani ya pembenne nyekundu huanza na namba hii: ikiwa chini ya 23, ndipo mchemko unaitwa kuamua. Kinachoanza kuchemka kwenye 35 au chini kinaingia kundi la kwanza, lenye hatari kubwa zaidi, kilichozidi hapo kinaingia la pili. Mchemko ni shahidi wa pili, anayeeleza kimiminika kina haraka kiasi gani ya kuwa mvuke.

Na mvuke wa tolueni ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, kule kule jiko linakokaa.

Nilimwambia hivi: "Fundi, umesema kweli, tina yako haichemki. Inafuka, tangu ulipofungua kopo. Funika hilo kopo kwanza, halafu birika tulipeleke kule nje, chini ya mwarobaini."