Dawa "isiyodhuru utitiri rafiki" ni ipi hasa?

Wauzaji wa pembejeo, na hata baadhi ya mabwana shamba, wamezoea kumhakikishia mkulima wa nyanya wa Kigamboni au Kinyerezi kwamba dawa fulani "haidhuru utitiri rafiki", na kauli hiyo hutolewa kwa wepesi unaomgharimu mkulima. Utitiri ni vijidudu vidogo sana vya jamii ya kupe, na utitiri rafiki ni ule unaokula utitiri mwenzake, hasa utitiri mwekundu unaofyonza majani ya nyanya na bilinganya. Ukigeuza jani na kulitazama kwa lenzi, utauona mwekundu umetulia ndani ya utando wake, ilhali rafiki, wenye umbo la tone, unakimbia huku na huko ukitafuta mawindo.

Kosa liko katika kudhani kwamba kutodhuru ni kutoua tu. Katika vipimo vya shirika la kimataifa la udhibiti wa kibaiolojia, IOBC, dawa huhesabiwa haina madhara maabara ikiwa jumla ya athari zake haifiki asilimia 30, na jumla hiyo huchanganya vifo na upungufu wa mayai. Utitiri rafiki uliosalimika lakini hautagi, au unataga mayai yasiyoanguliwa, hauachi kizazi cha kuulinda mmea, wakati utitiri mwekundu, ambao mara nyingi umekwisha kuwa sugu kwa dawa, kwenye joto kama letu huhitaji takriban wiki moja tu kutoka yai hadi kukomaa. Ndiyo maana shamba lililopuliziwa pairethroidi, kundi la dawa za kuua wadudu, huweza kushambuliwa kuliko mwanzo, kwa kuwa mabaki ya dawa hizo huendelea kuua utitiri rafiki kwa wiki kadhaa. Hapo mkulima hulalamika kwamba ameuziwa dawa feki. Dawa feki zipo kweli, lakini mara nyingine dawa ilikuwa halisi, ila ilimaliza kiumbe kisichokusudiwa.

Dawa za ukungu nazo zisisahauliwe: mankozebu, inayopuliziwa sana kwenye nyanya wakati wa mvua, inajulikana katika mashamba ya tufaha na zabibu kwa kupunguza utitiri rafiki inaporudiwarudiwa.

Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu huruhusu dawa itumike kama lebo inavyoelekeza. Hauthibitishi kwamba utitiri rafiki utabaki salama. Kwa hiyo anayesema dawa haidhuru aongeze kuwa haidhuru utitiri upi, ukiwa katika hatua gani ya maisha, na siku ngapi baada ya kupulizia. Ikiwa anachokijua ni kwamba haiui uliokomaa, basi na aseme hivyo hivyo: haiui uliokomaa.