Lamu Mashariki na hesabu ya mipaka

Mipaka ya maeneobunge hupitiwa kwa kufuata idadi ya watu, na eneobunge letu la Lamu Mashariki liko hatarini kufutwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Wagawe kwa maeneobunge 290, kila moja linapata wakazi 164,015 hivi. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu sehemu zenye watu wachache kupungukiwa na wastani huo kwa hadi asilimia 40, kwa hivyo sakafu, yaani idadi ya chini kabisa, ni kama 98,400. Lamu Mashariki, yaani wadi za Faza, Kiunga na Basuba, ina 22,258. Kaunti nzima ya Lamu ina 143,920: haifikii hata wastani wa mbunge mmoja, nayo ina wawili, mbali na mwakilishi wa wanawake.

Kilichotuokoa ni Jedwali la Sita la Katiba, lililokataza mapitio ya kwanza ya mipaka, ya 2012, kufuta eneobunge lililokuwapo. Mapitio ya kwanza tu, basi. Yanayofuata hayana kinga hiyo.

Barazani husemwa tuhamishe wadi kutoka Lamu Magharibi, eneobunge la pili la kaunti. Haisaidii: gawa kaunti sawa kwa sawa, kila upande unabaki na 71,960. Hoja ya visiwa ni ya kweli (aliyevuka kwenda Kiunga wakati wa kusi hahitaji kuelezwa), na Katiba inataja jiografia na njia za mawasiliano, lakini ndani ya ile asilimia 40.

Wengine husema: “Seneti itatulinda.” Kwenye mgao wa mapato, ndiyo. Mswada unaohusu kaunti hupigiwa kura moja kwa kila kaunti, Lamu sawa na Nairobi yenye watu 4,397,073, na hupita kwa kura 24. Ujerumani nako kila jimbo hupiga kura zake kwa sauti moja katika Bundesrat, baraza la majimbo, ila huzipata kwa kadiri ya watu, kuanzia 3 hadi 6. Kwa kipimo hicho tungeachwa nyuma ya Nairobi. Marekani kila jimbo lina maseneta wawili, Wyoming yenye watu wachache kama California yenye watu wengi, na kila seneta anaweza kumpinga mwenzake. Tena Seneti yao lazima iridhie kodi. Yetu, mswada wa fedha, ule wa kodi, hauifikii.

Mipaka, hata hivyo, huchorwa na IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, si Seneti. Seneti inapata nguvu pale tu asilimia 40 yenyewe inapoguswa: huko ni kurekebisha Katiba, na kwa njia ya Bunge panatakiwa theluthi mbili ya wabunge na theluthi mbili ya maseneta.