Mtoto wa mbwa hakukomoi: kuhusu mkojo sebuleni

Wengi wanaoniletea mbwa wao huja na swali moja: nimpe adhabu gani huyu aache kukojoa ndani? Nami huwauliza la kwangu kwanza: leo tangu aamke umemtoa mara ngapi? Hapo kimya hutanda kidogo. Kumzoesha kijibwa usafi ni kazi ya mwenye mbwa kushika saa, na mbwa hufuata.

Mwanzoni kabisa hawezi hata kwenda haja mwenyewe. Mama humlamba ndipo mkojo na kinyesi vitoke, naye huvilamba vyote ili malalo yabaki makavu. Ikifika kama wiki ya tatu, mtoto anaanza kujikongoja na kusogea pembeni ili amalizie huko. Kwa hiyo anapofika kwako na wiki zake nane, tabia ya kutochafua anapolala anayo tayari. Asichojua ni kwamba korido, chumba cha wageni na nyuma ya kochi navyo ni sehemu ya malalo.

Umri huo pia ndio anaoanza kuchagua sakafu. Aliyezoea nyasi atatafuta nyasi, aliyezoea magazeti atatafuta chochote kinachofanana na gazeti, na zulia laini linafanana vya kutosha. Ndiyo maana mimi si mpenzi wa magazeti: unamfundisha kukojoa ndani, kisha unaanza upya kumfundisha kukojoa nje. Kwa anayeishi ghorofani naelewa, ila afadhali trei yenye nyasi halisi. Na kama chanjo zake hazijakamilika (kwa kawaida huendelea hadi wiki ya 16 hivi), mtoe mahali ambapo mbwa usiowajua hawapiti, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara kunakoweza kumuua kijibwa, hutoka na kinyesi na huweza kudumu udongoni kwa miezi.

Kuna kanuni inayosema mbwa huweza kubana mkojo kwa saa zinazolingana na miezi yake, ukiongeza moja. Wa miezi miwili, saa tatu. Ichukue kama kikomo, usiifanye ratiba. Akiwa macho, mtoe kila baada ya saa moja au mbili, na vilevile kila anapoamka, anapomaliza kunywa na katika nusu saa baada ya kula, maana tumbo likipokea chakula utumbo nao huanza kusukuma. Wakati ambao watu huusahau ni katikati ya mchezo. Kijibwa anakimbia, anang'ata mpira, ghafla anauacha, anainamisha pua chini na kuzunguka. Una sekunde chache tu. Mlishe kwa saa zilezile, mara tatu au nne kwa siku, na bakuli liondoke akimaliza. Chakula kinachoshinda sakafuni kutwa huvuruga saa za choo. Maji usimnyime.

Huko nje, nenda pale pale kila mara, simama, nyamaza. Usimchezeshe bado. Akimaliza tu, mpe kipande cha nyama palepale na umsifu. Ukingoja hadi mlangoni, ataona amelipwa kwa kuingia ndani. Halafu usimrudishe haraka: mbwa anayeona kila akikojoa raha inakwisha hujifunza kubana. Dakika tano zikipita bila kitu, rudi naye, umshike karibu kwa kamba au umweke kizimbani, kisha ujaribu tena baada ya robo saa. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikizidi hapo atafanya kona moja choo. Na si mahali pa kumfungia kutwa nzima.

Kumsukumia pua kwenye mkojo wake ni ukatili usio na faida. "Lakini anajua alichofanya, tazama uso wake!" Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alichapisha utafiti kuhusu uso huo, akaona unajitokeza zaidi mwenye mbwa anapogomba, hata kama mbwa hana kosa. Anasoma hasira yako tu. Anachojifunza ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, basi atajificha nyuma ya kabati, na nje atakataa ukiwa umesimama pale. Ukimfuma katikati ya tendo, mwite kwa upole, mbebe, mkamalizie nje. Ukikuta kidimbwi tu, safisha.

Usafishe sawasawa: kausha kwa kugandamiza kitambaa, usisugue, kisha tumia dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo wenyewe. Sabuni yenye amonia iache, harufu yake inakaribiana na ya mkojo.

Wengi hutulia wakiwa na umri wa kati ya miezi minne na sita, mbwa wa maumbo madogo hukawia. Lakini anayelala chini na kudondosha mkojo ukimwinamia kumsalimu hana tatizo la choo. Huo ni unyenyekevu. Chuchumaa, msalimie bila kelele, utapungua kadiri anavyokua. Anayekojoa matone kila dakika chache, mwenye damu kwenye mkojo, au aliyekuwa safi kisha akarudi nyuma ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo na mkojo upimwe kabla hujaongeza mafunzo yoyote.